Mlima Rokko: Msitu Uliopandwa kwa Mikono Juu ya Mji wa Kobe

Haya ni maandishi ya mazungumzo yaliyotolewa kwa wanachama wa vikundi vya misitu, walimu, vijana na wakazi wengine wa kaunti kabla ya msimu wa kupanda miche.



Mazungumzo ya leo yanahusu mlima ulio mbali sana na hapa, nchini Japani, na sababu yake iko karibu. Kila masika yanapokaribia, miche hugawiwa, watu hupanda na picha hupigwa. Miezi sita baadaye, anayerudi pale pale mara nyingi hukuta mashimo makavu na mbuzi wakitafuna kilichobaki. Ndiyo maana wakazi huuliza katika mabaraza: je, kilima kilichokwisha kuwa kipara kinaweza kweli kurudi kuwa msitu? Na kama kinaweza, ni kazi ya muda gani, na ni ya nani?

Mji wa Kobe una jibu la swali hilo, na mtu anaweza kulitembelea kwa miguu yake.

Mlima ulio nyuma ya stesheni

Kobe ni mji wa bandari wenye watu takriban milioni 1.5, magharibi kidogo ya Osaka. Umebanwa kati ya bahari upande wa kusini na safu ya milima ya Rokko upande wa kaskazini. Kutoka ufuoni hadi chini ya mlima ni kilomita chache tu. Kilele cha juu zaidi kina mita 931. Kwa mkazi wa nyanda za juu za Kenya hicho ni kilima cha kawaida, maana Nairobi yenyewe iko juu kuliko hapo. Lakini Kobe iko kwenye usawa wa bahari, kwa hivyo mlima umesimama nyuma ya nyumba kama ukuta wa kijani. Tangu mwaka 1956 sehemu kubwa ya mlima huo imo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Setonaikai.

Mgeni hahitaji gari kuufikia. Treni ya kasi, shinkansen, husimama katika stesheni ya Shin-Kobe, na njia ya kupanda mlima huanzia nyuma ya stesheni hiyo. Kwa mwendo wa kama dakika 20 mtu anafika kwenye maporomoko ya Nunobiki, ambayo kubwa lake linaanguka mita 43. Akiendelea kupanda anakutana na bwawa la Nunobiki lililokamilika mwaka 1900, bwawa la kwanza la zege la aina yake nchini Japani, lililojengwa ili wakazi wa Kobe wapate maji safi ya bomba.

Wazee, watoto na wasioweza kupanda wana njia yao. Kuna treni ndogo zinazovutwa kwa kamba ya chuma juu ya mteremko mkali: ile ya Mlima Maya ilianza mwaka 1925 na ile ya Rokko mwaka 1932. Kuna pia vibanda vinavyoning'inia kwenye waya juu ya mabonde. Juu ya Mlima Maya, wenye mita 702, watu hukusanyika jioni kutazama taa za mji kuanzia Kobe hadi Osaka, mandhari ambayo Wajapani huihesabu miongoni mwa tatu bora za usiku katika nchi yao. Juu ya Rokko kuna bustani ya mimea ya nyanda za baridi iliyofunguliwa mwaka 1933. Upande wa pili wa mlima kuna Arima, mji mdogo wa chemchemi za maji moto ambayo rangi yake ni ya kahawia kwa sababu ya madini ya chuma.

Anayepanga safari aende Novemba, majani yanapogeuka mekundu na manjano. Juni na Julai ni majira ya mvua, na katika miezi ya baridi theluji huanguka kileleni hata kama mjini hakuna. Viatu vya kutembea, maji ya kunywa na koti jepesi vinatosha kwa njia nyingi.

Mgeni atembeapo chini ya miti hiyo hudhani msitu umekuwapo tangu zamani za kale. La hasha. Msitu anaouona umepandwa na watu.

Kipara kilichodhaniwa kuwa theluji

Mwaka 1881 kijana mmoja, Makino Tomitaro, ambaye baadaye alikuja kuwa mtaalamu mashuhuri wa mimea nchini Japani, alisafiri kwa meli kuelekea Tokyo. Meli ilipokaribia Kobe aliitazama milima ya Rokko, na mwanzoni akadhani imefunikwa na theluji. Ilikuwa Aprili. Alichokiona ni mchanga mweupe wa mlima usio na miti.

Mlima haukunyolewa kwa siku moja, wala na mtu mmoja mwovu. Kwa karne nyingi wanavijiji wa chini yake walikata kuni, wakakusanya majani na nyasi za kurutubisha mashamba, wakachimba mawe. Jiwe la graniti mpaka leo huitwa na Wajapani kwa jina la Mikage, mtaa ulio chini ya mlima huo. Kila familia ilichukua kidogo, na kila familia ilikuwa na sababu nzuri. Bandari ilipofunguliwa kwa meli za kigeni mwaka 1868 mji ulikua haraka, na mahitaji yakaongezeka.

Tatizo ni kwamba graniti ya Rokko ikishakaa juani na mvuani huoza, ikawa mchanga mkavu unaovunjika mkononi. Mizizi ikiondoka, hakuna kinachoushika. Wakazi wa Ukambani wanaoona mito ikijaa mchanga kila mvua wanaufahamu vizuri udongo wa namna hiyo. Mito ya Kobe nayo ni mifupi na mikali, kwa hivyo mvua ikinyesha juu, mchanga na mawe hufika mjini baada ya muda mfupi sana.

Matuta kwanza, miche baadaye

Mwaka 1902 serikali ya mji wa Kobe ilianza kupanda miti kwenye Mlima Futatabi, mmoja wa milima ya safu hiyo. Mji ulikuwa umekwisha kujenga bwawa, na bwawa lisingedumu kama lingejaa mchanga. Mshauri alikuwa Honda Seiroku, profesa wa misitu kutoka Tokyo, yule yule aliyebuni bustani ya Hibiya katikati ya mji mkuu.

Hapa ndipo penye somo la kwanza. Vibarua hawakuanza na miche. Walianza na udongo. Walikata ngazi kufuata mzunguko wa mlima, ngazi juu ya ngazi, wakaimarisha kingo zake kwa mawe na nyasi ili maji yapungue mbio. Mkulima wa Machakos angeitambua kazi hiyo mara moja, kwa kuwa ni nduguye fanya juu. Baada ya matuta kushika ndipo miche ikatiwa ardhini. Kulikuwa na misonobari inayovumilia ukame, na pamoja nayo miti ambayo mizizi yake hurutubisha udongo, ili mti mmoja umlee mwenziwe.

Kazi hiyo haikuisha kwa msimu mmoja, wala kwa utawala mmoja. Vibarua waliobeba mawe mwaka 1902 hawakupumzika kivulini mwa miti hiyo. Waliopumzika ni watoto na wajukuu wao.

Mvua ya mwaka 1938

Pengine hapa mtu atasema: basi miti ikapandwa, mafuriko yakaisha. Mambo hayakwenda hivyo, na ni heri wakazi waambiwe ukweli.

Mwanzoni mwa Julai 1938, miaka 36 baada ya upandaji kuanza, mvua ya siku tatu ilishuka Kobe. Ilifikia takriban milimita 460, karibu nusu ya mvua ambayo Nairobi hupata kwa mwaka mzima. Miteremko ilianguka, na mawe, magogo na matope yakateremka mpaka mjini. Zaidi ya watu 600 walikufa Kobe na maeneo ya jirani.

Kilichoongeza maafa ni uamuzi uliofanywa mjini kwenyewe. Kobe ilikuwa na uhaba wa ardhi, na sehemu za mito zilikuwa zimefunikwa ili juu yake zipite barabara. Magogo na mawe yalipofika kwenye midomo ya mifereji hiyo ya chini kwa chini yaliiziba. Maji yalipokosa njia yalichukua barabara na nyumba.

Wakenya hawahitaji kwenda Japani kulielewa jambo hilo. Usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024, huko Mai Mahiu, maji yalijikusanya nyuma ya tuta la reli baada ya njia yake ya chini kuzibwa na takataka, miti na matope, kisha yakapasua na kuzoa watu na nyumba zao. Masika yale yaliua zaidi ya watu 200 nchini. Mkondo wa maji ukizibwa juu, kilio husikika chini.

Baada ya 1938 serikali ya Japani ilifungua ofisi maalumu ya kuzuia mmomonyoko katika Rokko. Kwa miaka mingi iliyofuata yalijengwa mamia ya vizuizi vya zege katika mabonde, vya kunasa mawe na mchanga kabla havijafika mjini. Mgeni akitembea leo ataviona njiani, vingine vimeota kuvu na majani hata vikafanana na mwamba. Julai 1967 mvua kubwa nyingine ilinyesha. Karibu watu 100 walipoteza maisha, idadi ya kuhuzunisha, lakini ndogo mno ikilinganishwa na ile ya 1938, ingawa mji ulikuwa umeongezeka watu. Kisha Januari 17, 1995 tetemeko la ardhi liliua zaidi ya watu 6,400 Kobe na maeneo ya jirani, na mlima ukalegea katika mamia ya sehemu. Upandaji ukaanza upya kwenye mteremko unaotazama mji, safari hii wananchi, shule na makampuni wakipewa sehemu za kutunza.

Somo la pili basi ni hili: miti, vizuizi na mito iliyo wazi hufanya kazi pamoja. Kaunti inayopanda miche kilimani huku ikiruhusu majengo kwenye ukingo wa mto inajaza maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Walinzi wanaovaa viatu vya kutembea

Nani anaulinda mlima ulio karibu na watu milioni moja na nusu? Askari wa msitu hawatoshi. Kobe inalindwa zaidi na mazoea ya watu wake.

Mwanzoni mwa karne ya 20 wageni kutoka Ulaya waliokuwa wakifanya kazi bandarini walianza kupanda mlima alfajiri kabla ya kwenda ofisini. Mmoja wa wageni wa Kobe, Mwingereza Arthur Hesketh Groom, alikuwa amejenga nyumba juu ya Rokko mwaka 1895, na uwanja wa kwanza wa gofu nchini Japani ukafunguliwa huko mwaka 1903. Wenyeji waliiga matembezi ya alfajiri, yakawa desturi ya mji. Mpaka leo wapo wazee wa Kobe wanaopanda kila siku. Juu kuna vibanda vya chai vyenye daftari, na mpandaji hutia jina lake kisha hushuka kwenda kunywa uji wake. Wapo waliokwisha kupanda zaidi ya mara 10,000. Kwa anayepanda mara moja kwa siku, hiyo ni zaidi ya miaka 27.

Mtu wa namna hiyo hahitaji kuambiwa na ofisa kwamba mti umeanguka, kwamba kuna harufu ya moshi, au kwamba mtaro umeziba. Anaona kabla ya mtu mwingine yeyote. Kila Novemba, tangu mwaka 1975, mji huandaa pia matembezi ya siku moja ya kilomita 56 kuipita safu nzima kutoka Suma hadi Takarazuka, na maelfu hujiandikisha.

Mlima una sheria chache na zinafuatwa. Ya kwanza ni kwamba kila mtu hurudi na taka zake. Kwenye njia za msituni hakuna mapipa ya taka. Ganda la chungwa ulilolipandisha, ulishushe. Profesa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya 2004, alipozuru Japani Februari 2005 alilipenda neno la Kijapani *mottainai*, yaani majuto ya kuona kitu chenye thamani kikipotezwa bure, akalitangaza katika mikutano ya kimataifa. Kwa hiyo neno la wazee wa Kijapani lilisafiri dunia nzima kwa mdomo wa binti wa Nyeri.

Sheria ya pili inahusu nguruwe mwitu. Watu waliwazoesha chakula, wakaanza kushuka mitaani na kunyang'anya watu mifuko. Mwaka 2002 mji ulitunga sheria ndogo ya kukataza kuwalisha. Wanaowatupia nyani ndizi kando ya barabara za Kenya, kisha wakalalamika nyani wameingia jikoni, wamesikia.

Makosa yaliyosahihishwa

Si kila mti uliopandwa Rokko ulifaa. Baadhi ya miti ya kigeni ilichaguliwa kwa kuwa inakua haraka kwenye mchanga, lakini mizizi yake haikwenda chini sana, ikawa inaangushwa na upepo na kusambaa mahali isipotakiwa. Sasa inapunguzwa na nafasi yake kupewa miti ya kienyeji. Wakazi wa Baringo wanaoijua mathenge hawatashangaa.

Tatizo jingine limekuja na maendeleo. Watu walipoanza kutumia gesi na umeme, hakuna aliyehitaji kuni. Msitu ukasongamana, jua halikufika chini, nyasi na vichaka vinavyoshika udongo vikafa. Kwa hiyo leo mji huohuo uliopanda miti hulazimika kukata baadhi yake kwa mpango. Msitu uliopandwa na mtu unadai utunzaji wake siku zote.

Lakini zipo zawadi pia. Mwaka 1959 lilipatikana Rokko ua la aina ya haidrenjia, shichidanka, ambalo lilikuwa limeelezwa katika kitabu cha karne ya 19 na kudhaniwa kuwa limetoweka. Leo watu hupanda mlima Julai kuliona likichanua.

Kutoka Rokko hadi kilima cha hapa

Uhusiano wa Kenya na Japani katika misitu si mgeni. Tangu miaka ya 1980 wataalamu wa nchi hizi mbili wameshirikiana Muguga na Kitui kuwafundisha wakulima kupanda miti kwenye maeneo makavu. Mpango wa taifa wa kupanda miti bilioni 15 ifikapo mwaka 2032 ulizinduliwa Desemba 2022, na serikali za kaunti zina fungu lake. Idadi ya mashimo yaliyochimbwa ni rahisi kuihesabu. Rokko inafundisha kuhesabu miti iliyo hai.

Kwa hiyo wakazi wanaombwa mambo manne msimu huu. Kwanza, penye mteremko, matuta yachimbwe kabla ya miche kufika. Pili, kila kikundi kipande idadi kinayoweza kunyweshea na kuzungushia uzio hadi masika ya tatu, hata kama ni miche 200. Tatu, ukingo wa mto na midomo ya kalvati viachwe wazi. Aliyeziona zimeziba atoe taarifa kabla ya mvua, asisubiri mvua itoe taarifa. Nne, msitu utembelewe. Shule ziupande, vikundi vya vijana viufanyie mazoezi, makanisa na misikiti ipeleke watu wake, na kila mmoja arudi na taka zake. Msitu usiokanyagwa na wenyewe ni rahisi kukatwa na wezi usiku.

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya mwaka 2016 inawapa wananchi haki ya kuunda vyama vya jamii vya misitu na kushiriki katika usimamizi. Anayetaka kujiunga na chama kilichopo au kuanzisha kipya afike kwenye ofisi ya wadi yake au kituo cha misitu kilicho karibu.

Na kwa kijana wa kaunti hii atakayepata nafasi ya masomo, mafunzo au mashindano nchini Japani: akipita Kobe, ashuke Shin-Kobe, apite nyuma ya stesheni na apande hadi bwawani. Mahali atakapokuwa amesimama kivulini palikuwa mchanga mtupu miaka mia moja na ushei iliyopita. Akirejea nyumbani, awaeleze wenzake alichokiona.